Mgomba Waliouzika kwa Jina la Eustakia

Mnanisumbua. Nasema wazi, maana sikufundishwa kuzunguka maneno. Frednand, huyo katibu wa umoja wa waliosoma shule yetu ya hapa Keza, alinijia kwanza nikiwa napalilia, akanijia tena nikiwa natwanga, na safari hii amenikuta na mafua. Kila akija anasimamisha pikipiki juu ya maharage niliyoanika. "Shikamoo, Bibi." Namwambia, "Marahaba, ondoa hilo dude kwenye maharage." Halafu anaanza. Shule inakaribia jubilei. Wanakusanya maisha ya wazee waliosoma pale wakafariki. Mimi ndiye niliyebaki ninayemjua Eustakia vizuri. Niandike ukurasa mmoja, mzuri, wa kumbukumbu.

Ukurasa mmoja! Mtu amekaa duniani mpaka meno yakamwisha, wewe unampa ukurasa mmoja.

Nilimwuliza kwa nini haendi kwa mzee Ansbert, kaka yake Eustakia, baba mmoja mama mmoja. Naye alisoma pale, tena mpaka darasa la nne, tena kwenye mikutano yenu huwa mnamkalisha kiti cha mbele.

Frednand akaangalia chini. "Nilikwenda, Bibi. Alisema hana la kuongeza. Alisema habari za dada yake ziliisha zamani."

Ziliisha zamani. Basi nikachukua kalamu.

Alitaka kuniletea msichana wa sekondari aniandikie. Nikakataa. Mimi Tecla nilisoma kisomo cha watu wazima, nikafaulu hatua ya nne, na cheti nikapewa mbele ya watu. Herufi zangu ni kubwa na zinapanda mlima, lakini ni zangu. Palipochanganyika r na l Frednand atanyoosha. Maneno yenyewe asiguse.

Eustakia nilisoma naye. Ilikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, ikatoka amri kila mtu mzima ajue kusoma. Tulitoka shambani mchana, tunanawa miguu, tunaingia madarasa ya watoto wakishaondoka. Tulikaa kwenye madawati yao, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu wetu alikuwa Renatus, Mungu amrehemu, mtu mpole, alikuwa na aibu ya kumsahihisha mwanamke aliyemzidi umri. Mimi nilikuwa na mwanangu Benedicto mgongoni. Karibu wote tulikuwa na mtoto mgongoni. Eustakia peke yake alikuwa na mgongo mtupu, na hilo ndilo lililomrudisha kwao. Aliolewa Mabawe, watu wa mume wakangoja mtoto mwaka hata mwaka, wakachoka, wakamrudisha na mkeka wake na chungu chake.

Siku tulipoambiwa kila mtu aandike jina lake ubaoni, Eustakia aliandika lake likajaa ubao mzima, wengine tukakosa nafasi.

"Mama, mbona kubwa hivyo?" Mwalimu Renatus akamwuliza.

"Mwalimu, hili jina limetukanwa sana. Liache lipumue."

Tulicheka mpaka watoto mgongoni wakaamka. Ndivyo alivyokuwa. Mdomo wake haukufungwa na mtu. Na katika kusoma alitupita wote. Mimi nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, jiwe moja, nasimama, jiwe jingine. Yeye alisoma kama anaongea.

Sasa sikilizeni jambo moja, nyinyi mliosoma mkaenda mijini mkasahau. Kwetu mwanamke aliyeachika hana kaburi kwa mume. Kaburi lake ni kwao, nyuma ya nyumba ya baba, kwenye migomba, alipolala mama yake. Akirudi kwao anapewa kipande cha migomba ale, hapewi kiwe chake. Kitu kimoja tu ndicho chake na hakuna wa kumnyang'anya: mahali pa kulala akifa, na ndugu wa damu wa kumtupia udongo. Eustakia alilijua hilo. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, hakuwa na shamba. Alikuwa na mahali pale, ubavuni kwa mama yake. Alipasema mara nyingi, kama wenzake wanavyotaja watoto wao.

Aliishi kwa Ansbert miaka. Ansbert alikuwa na mke na mtoto wa kiume, Marcel, ambaye Eustakia ndiye aliyemlea mgongoni. Kisha yakaanza maneno ya nyumbani, nani kakata ndizi za nani, nani kamwaga maji mlangoni. Siku moja watu wamekaa wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, Ansbert akasema mbele yao, "Dada yangu ni mgeni asiyeaga."

Eustakia akaweka kibuyu chini. "Basi naaga."

Asubuhi yake akashika njia ya Biharamulo. Aliapa hatatuma salamu mpaka kaka yake amtafute. Na kaka yake naye akaapa hamtafuti mpaka atume salamu. Hao ndio watoto wa mama mmoja.

Biharamulo mjini alipokewa na mwanamke wa Kiislamu, Bi Mwanne, wa watu wa asili ya pwani ambao babu zao walifika huku na biashara wakabaki. Mwanne alikuwa na duka na jiko la vitumbua. Eustakia akawa anamsaidia, baadaye akawa anatumwa Bukoba kuchukua dagaa.

Ikaja ile meli iliyozama ziwani. Mnaikumbuka, wengine mlizaliwa mkaisikia. Watu wengi hawakuonekana tena. Baada ya muda akapita hapa mfanyabiashara wa ng'ombe, akamwambia Ansbert kwamba siku meli inaondoka alimwona Eustakia bandarini Bukoba na mzigo kichwani. Hakusema kaingia melini. Alisema alimwona bandarini. Lakini Ansbert alianguka palepale uani, na watu walipomwinua walikuwa wameshaanza kulia.

Kwa ukoo wao mtu akipotelea majini, mwili usionekane, huzikwa mgomba mahali pake, ili roho isitangetange ikawasumbua walio hai. Wanakata mgomba, wanaukata urefu wa mtu, wanauvika, wanaulaza. Kwa Eustakia walichagua mgomba ambao haujazaa, kwa sababu marehemu hakuzaa. Wakauvisha kitenge chake alichokiacha, wakauviringisha kwenye mkeka wake uleule uliotoka Mabawe. Wakachimba ubavuni kwa mama. Katekista akasali. Nami nilikuwepo, nilipeleka maharage na kuni kama majirani wote, nikatupa udongo. Ansbert alilia, nitasema haki. Alilia mpaka sauti ikakatika. Wakanyoa vichwa, wakakaa matanga, wakayaondoa kwa rubisi. Ansbert akaita fundi kutoka Ngara mjini, akajenga msalaba wa saruji, na jina likachongwa. Kile kipande cha migomba akapewa Marcel alipooa.

Eustakia akarudi.

Ulikuwa mwaka wa ile mvua ya elinino, barabara zimekatika, watu wanatembea kwa miguu. Bi Mwanne ndiye aliyemsukuma. Alimwambia, "Mwenzangu, ndugu ni ndugu. Kiburi hakikuzalii mtu." Akamfungia sukari na kitenge cha wifi yake. Basi alikuja na mzigo kichwani, matope mpaka magotini, ana furaha. Wa kwanza kumwona walikuwa watoto kisimani. Waliacha madumu wakakimbia wakipiga kelele. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu, ambako ni njiani kwenda kwa Ansbert. Nilimwona, jembe likaniponyoka.

"Mama Benedicto," akaniambia, "una nini? Umemwona chui?"

Nikamgusa mkono. Ulikuwa wa moto, una jasho.

"Eustakia, sisi tulikuzika."

Akacheka. Kisha akaona sicheki.

Nilimsindikiza. Ansbert alitoka mlangoni, akarudi nyuma, akafunga. Akasema naye kwa ndani, mlango uko katikati yao.

"Kama ni wewe, ulikuwa wapi nikikulilia?"

"Biharamulo, kaka. Nakaanga vitumbua."

"Meli?"

"Nilirudi kwa basi. Meli siijui hata ndani yake. Fungua, mvua inaninyeshea."

Hakufungua. Siku ya pili wazee wa ukoo wakakaa. Wakasema si neno geni, lina njia yake. Mgomba ufukuliwe, utupwe porini, Eustakia aoshwe, apewe moto mpya wa kupikia, aingie nyumbani kwa mlango wa mbele kama mtoto aliyezaliwa. Mpaka hapo yeye ni mfu, na mfu hali na walio hai wala hapewi kitu.

Ansbert akakataa. Wengi wanasema aliogopa kipande cha Marcel kurudi. Labda. Lakini mimi nilikuwa nimekaa nao, nikamsikia, na hofu yake ilikuwa nyingine. Alisema, "Kaburi likifunguliwa haliridhiki kufungwa tupu. Litadai mtu. Nani aingie? Marcel ana mtoto mchanga ndani."

Wazee wakainuka bila kuamua, maana hata hilo ni neno la wazee. Wazee na Ansbert wote walikuwa wameshika mila, hawa upande huu, yule upande ule, na Eustakia katikati, amesimama kwenye mvua na sukari yake inayeyuka.

Nikamchukua kwangu. Mume wangu alikuwa bado hai, alinung'unika, nikamwambia akitaka anung'unikie nje. Tukampa jiko la zamani, akalikanda udongo, akalala humo. Alidhani ni kwa wiki chache, Ansbert atatulia, mgomba utafukuliwa. Alilala humo mpaka tukazeeka wote.

Kwenda kisimani unapita nyuma ya nyumba ya Ansbert. Kila siku alipita na dumu, akaona ule msalaba, akasoma jina lake. Ni jina lilelile alilojaza nalo ubao. Mwanzoni alifanya mzaha. "Fundi amechonga vibaya, Mama Benedicto. Kaibana T na A kama abiria." Sokoni wahuni wakampa jina: Marehemu. "Marehemu, nyanya zako zinauzwaje?" Naye anawajibu, "Njoo uonje, za kuzimu hazina dawa." Wanacheka, wananunua. Lakini wapo waliovuka barabara wakimwona, na wanawake waliomzuia asimshike mtoto mchanga. Kwenye harusi hakualikwa. Kwenye msiba akienda kusaidia kupika, chungu chake kilikuwa kinabaki kimejaa.

Ansbert hakuwahi kumfukuza njiani wala kumtukana. Hakumwona tu. Alimpita kama unavyopita kichuguu. Na kila Novemba, siku ya marehemu wote, alipeleka jina lake kanisani lisomwe. Mwaka mmoja Eustakia alikuwa amekaa nyuma kabisa kigangoni, mimi ubavuni kwake. Katekista akasoma majina ya wafu wa Keza, akafika kwake, akalitaja.

"Nipo!" Eustakia akaitika.

Watu wakageuka. Wengine wakacheka.

"Nipo hapa nyuma. Mniombee, lakini mniombee kwa sauti, masikio yangu bado mazima."

Kicheko kikazidi, kisha kikakatika chenyewe, kwa sababu alikuwa amesimama, na hakuwa anacheka. Akamtazama kaka yake kule mbele. "Ansbert mwana wa mama yangu, geuka unione. Geuka mara moja tu."

Ansbert hakugeuka. Shingo yake ilitetemeka, nami niliiona, lakini hakugeuka. Katekista akasoma jina lililofuata.

Kisha mtoto wa Marcel akafa. Alikuwa msichana mdogo, homa ikampanda kichwani, akafa njiani akipelekwa zahanati. Mtoto amekufa, ni uchungu, siwezi kuupunguza. Lakini watu wakaanza kusema kile ambacho Ansbert alikisema siku ile: kaburi lile lina njaa, mwenye kaburi anatembea, basi limejitafutia mwingine. Mchana, nimekaa mlangoni napukuchua maharage, nikamwona Marcel anakuja na vijana wenye fimbo.

"Bibi, tunamtaka marehemu."

"Marehemu mnamtafuta kwangu? Nendeni makaburini."

"Usitutanie, Bibi. Nimemzika mtoto."

"Pole, mwanangu. Ila huyu hakumuua. Huyu hawezi kuua hata kuku, kuku nachinjiwa na jirani."

Eustakia akatoka jikoni. Nilimwambia arudi ndani, hakusikia. Akasimama uani. "Marcel, mimi ni shangazi yako. Nilikubeba mgongoni mpaka ukajua kutembea. Kama unaamini nimemla mtoto wako, anza wewe. Usiwatume wenzako."

Marcel akaanza kulia. Fimbo ikamwanguka. Nikadhani imekwisha. Lakini nyuma kulikuwa na mmoja, hata jina lake silijui mpaka leo, akarusha jiwe. Likampata Eustakia jichoni. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, ameshika uso, damu inapita vidoleni. Wakakimbia wote. Kwenye kukimbia wakafyeka mihogo yangu, kwa nini sijui, labda mikono ilikuwa imeshanyanyuka.

Jicho lile lilikufa. La pili likalifuata polepole, mpaka likabaki la kuona mwanga na kivuli. Yule aliyesoma kuliko sisi wote. Ikawa mimi ndiye ninayemsomea Injili, jiwe moja, nasimama, jiwe jingine, na yeye kipofu ananisahihisha kwa kichwa. "Umeruka mstari, Mama Benedicto." Nilikuwa nimeruka kweli. Nilimchukia wakati mwingine, nisiwafiche.

Hakupita tena kisimani kwa Ansbert. Akaacha mzaha. Alichosema kilikuwa kimoja, alikisema akiwa anamenya ndizi, akiwa anaota jua: "Utaniweka kwa mama. Uongee nao. Wewe una kichwa kigumu, watakusikia."

Nilimwahidi. Ningesema nini?

Alikufa mwaka jana, masika yameanza. Hakuugua muda mrefu. Kifua kilimbana, akaacha kula, akaniomba uji, akaushika tu mkononi mpaka ukapoa. Nilipoona amenyamaza nilimfunga kidevu, nikajifunga kitenge vizuri, nikaenda kwa Ansbert kwa miguu yangu.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti kibarazani. Naye amezeeka, magoti hayanyooki. Hatukuamkiana.

"Dada yako amekufa."

"Najua. Nilimzika."

"Ansbert, usinichezee. Yuko kwangu ameanza kupoa. Fukua ule mgomba, umlaze dada yako ubavuni kwa mama yenu. Sasa una wa kumtia humo kaburini, hutaogopa litabaki tupu. Lina mwenyewe."

Nilidhani nimempata. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kisha akasema, "Tecla, mimi nilimlilia huyu mpaka nikamaliza. Sina tena cha kulilia. Mtu hawezi kuzikwa mara mbili na mimi nikabaki na akili yangu. Nikimfukua leo, ina maana wakati wote ule alikuwa hai na mimi nilimwacha kwenye mvua."

"Ndiyo maana yake," nikamwambia.

"Basi sifukui."

Akageuzia uso ukutani. Kwenye ua wake Marcel alikuwa amesimama na panga, hakulinyanyua, lakini hakuliweka chini. Nikatoka.

Nyumbani kwangu hakukuwa na mtu. Msiba bila watu, mmewahi kuona? Kila nyumba hapa ikipata msiba uwanja unajaa kabla maiti haijaoshwa. Kwangu majirani walisimama mbali barabarani. Si watu wabaya. Waliogopa. Matanga yake yalishaondolewa zamani, na kumlilia mara ya pili wanasema ni kuita kifo kirudi kuuliza kwa nini umemwita. Hakuna aliyeleta kuni. Hakuna aliyeleta maharage. Hakuna aliyechimba. Mwenyekiti wa kitongoji akanipigia simu akiwa nyumbani kwake, hatua chache tu kutoka kwangu, akanipa pole kwa simu.

Nilimwosha peke yangu. Alikuwa mwepesi. Nikalala naye chumba kimoja, sikuogopa.

Kesho yake Bi Mwanne akafika kutoka Biharamulo. Nilikuwa nimemtumia salamu kwa dereva wa lori. Naye ni mzee sasa, anatembea kwa fimbo, kajifunga mtandio mweusi, na mwanawe Anuar anamshika mkono. Akatazama uwanja mtupu.

"Bibi wee, watu wako wapi?"

"Hawaji."

"Maiti imelala?"

"Imelala."

"Astaghfirullah. Anuar, vua shati."

Anuar alichimba kutoka saa ya jua kali mpaka mvua ilipoanza. Jembe ni langu. Mimi nilitoa udongo kwa ungo. Tulimchimbia kwenye kahawa yangu, maana hapo ardhi ni laini, na nyumbani kwao tulikataliwa. Wanangu walipopata habari wakapiga simu. "Mama, umemzika mgeni kwenye shamba letu?" Nikawauliza, "Shamba lenu? Mlilipalilia lini?" Wakakata. Najua nikifa watauza, na atakayenunua atang'oa kahawa apande anachotaka, juu yake.

Katekista alikuja, nampa haki yake, ingawa alikuja amechelewa na akasali haraka. Alipomaliza akauliza kama desturi, "Wa damu atangulie na udongo."

Tulitazamana. Mimi si wa damu. Mwanne si wa damu, hata dini si moja. Anuar amejaa matope, anatazama pembeni. Katekista akarudia, labda kwa mazoea tu: "Wa damu." Mvua inanyesha. Chini kule Eustakia amelala kwenye mkeka wangu, na mvua inaanza kuingia kwake.

Tulimfukia bila hiyo. Lakini haijaisha. Kwetu mtu ambaye ndugu hakumtupia udongo hajazikwa, amefunikwa tu. Mwanne alilia peke yake, kwa sauti ya kikwao, mpaka nikamwonea wivu, maana mimi machozi yalikuwa yamekataa.

Hayo ndiyo maisha yake. Hayatoshi ukurasa mmoja.

Na sasa nawaambia kwa nini nimekubali kuandika, kwa sababu Frednand hakujua kwa nini nimebadilika ghafla. Mwezi uliopita umoja wenu ulizunguka kuweka maua kwenye makaburi ya wenzenu waliofariki. Mlikuja na fulana za rangi moja, mkaimba, nilisikia kutoka hapa. Mlikwenda nyuma ya nyumba ya Ansbert. Mkasimama mbele ya ule msalaba, mkasoma jina, mkaweka maua, mkapiga picha na Ansbert katikati yenu kwenye kiti chake. Mliuimbia mgomba. Mgomba uliokwisha kuoza watoto wenu hawajazaliwa. Na Ansbert aliwaacha muimbe.

Siwalaumu. Mnakaa mijini, nani angewaambia? Sasa nimewaambia.

Kwa hiyo sikilizeni ninachokitaka, maana sikuandika bure na mgongo unaniuma. Ansbert ni mwenzenu, mnamkalisha mbele, mnamwita mzee wetu. Mimi hanisikii. Nyinyi atawasikia, anapenda kuonekana amesoma. Mchukueni. Magoti hayanyooki, basi mbebeni, mna pikipiki, mna magari, Frednand ana mikono. Mleteni kwangu kwenye kahawa, mchana, watu wakiona. Sitaki aombe radhi, sitaki afukue chochote, sitaki hata aniamkie. Ashike udongo kwa mkono wake, aumwage pale alipo dada yake, aseme jina lake kwa sauti. Na nyinyi mje na kuni na maharage kama watu wanavyokwenda msibani, mkae, mlie. Mimi nitapika. Msiniletee cheti cha shukrani kwa haya niliyoandika, sikitaki. Nileteeni Ansbert, na mje kabla sijafa, kwa sababu baada yangu hakuna atakayewaonyesha ni mti upi wa kahawa.